Ngiri Aliyedai Ndoto za Kalunguyeye

Mmelala?
Tunaota!
Mnaota nini?
Utakachosema!

Basi fumbeni macho kidogo, ukungu ushuke. Ndani ya ukungu kuna shimo, na ndani ya shimo alikaa Bi Kalunguyeye, mdogo kama kiazi, miiba mgongoni. Zamani alikuwa mke wa Ngiri. Waliachana mbele ya wanyama wote, kila mmoja ashike njia yake. Lakini njia aliyoshika Ngiri ikawa ile ile ya Bi Kalunguyeye.

Kila alfajiri, gudu-gudu-gudu, Ngiri huyo mlangoni.

"Mke wangu, umemwota nani?"

"Mimi si mkeo tena. Sikuota."

"Mwongo." Akafukua mlango, akatafuna viazi vyake, akaenda zake.

Bi Kalunguyeye akahamia kwenye mtama. Gudu-gudu-gudu. "Umemwota nani?" Akahamia mtoni. Gudu-gudu-gudu. "Umemwota nani?" Mwishowe akaogopa hata kufumba macho. Mchana akawa anatembea akiyumba, dunia yote anaiona moshi mtupu. Mimi huyu nikifika hapa roho huniuma.

Akaenda kwa Korongo, mwamuzi wa wanyama, yule anayesimama mguu mmoja asije akachafua wa pili.

"Onyesha kidonda," akasema Korongo.

"Sina kidonda, mzee wangu. Silali."

"Bila kidonda hakuna kesi, mama. Nenda nyumbani."

Alfajiri, gudu-gudu-gudu. "Umemwota nani?"

"Nimekuota wewe."

Sauti ya Ngiri ikalainika. "Nafanya nini?"

"Umeingia kwangu kama mwenye nyumba, mimi nimelala. Ulipoketi tu, viazi vikachipuka pande zote. Lakini nikiamka, vinatoweka."

"Basi lala upesi," akasema Ngiri, udenda unamtoka.

Bi Kalunguyeye akajikunja, miiba juu, akalala. Alilala kweli, maskini, alikuwa amechoka. Na mnajua Ngiri anavyoingia shimoni: kinyumenyume, makalio yatangulie, meno yabaki mlangoni kutisha watu. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, akarudi nyuma. Akaketi.

Chwi!

Alikimbia akipasua ukungu hadi kwa Korongo. "Amenichoma!"

Wanyama wakajaa. Bi Kalunguyeye akaja akipiga miayo. "Mimi nilikuwa nimelala. Mwenyewe kaniambia nilale."

"Onyesha kidonda," Korongo akamwambia Ngiri.

Ngiri akatazama huku na huku. Wakwe wapo, watoto wapo, Kanga na mashoga zake wamekaa mbele kabisa. Akayabana makalio kwenye kichuguu.

"Bila kidonda hakuna kesi, baba. Nenda nyumbani."

Akaenda, kinyumenyume. Tangu siku hiyo akiona shimo la kalunguyeye huzunguka mbali.

Bi Kalunguyeye alilala mpaka umande ukakauka. Aliota nini? Hatujui. Hakuna aliyemwuliza.

Funzo ni hili, kina mama: mume mliyeachana naye akija mlangoni, mkaribisheni ndani kwa upole, aketi apendapo, nanyi mlale zenu.

Hadithi yangu imelala. Aliye macho aifunike.