Wimbo Uliokataa Kwisha

Hapo kale huko Italia, mtunzi Tebaldo aliishi kwa kumtungia nyimbo Mtawala Ridolfo, bwana aliyependa kusifiwa hata kwa asilolijua.

“Nataka wimbo mpya wa karamu,” Ridolfo akamwambia. “Nitasema nimeutunga mimi. Ukifumbua mdomo tu, kazi huna!”

“Tangu sasa mimi ni bubu, Mtukufu,” akajibu Tebaldo, akainama.

Siku ya karamu waimbaji wakaanza, wakipokezana: huyu akimaliza, yule anaanza upya. Wageni walisimama wakiwamezea mate bata wa kuchoma, maana kwa desturi ya jumba lile hakuna aliyekula mpaka mtunzi mwenyewe aufunge wimbo kwa kuimba mstari wa mwisho.

Wimbo ukazunguka, ukazunguka. Bata wakapoa. Wageni wakamkodolea Ridolfo macho.

“Mstari wa mwisho ni upi?” Ridolfo akamnong’oneza Tebaldo, jasho likimtiririka.

Tebaldo akamwonyesha kwa kidole mdomo wake uliofumbwa.

“Basi ufumbue!” Ridolfo akafoka, ukumbi mzima ukasikia. “Wimbo ni wako! Ufunge, tule!”

Tebaldo akaimba mstari mmoja mfupi, kisha akawahi paja la bata.