Perege wa Mwantumu

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikuwepo na bando liliisha vilevile kama lenu, palikuwa na kijiji kiitwacho Makofini. Watu wa Makofini walikuwa na sifa moja: walikuwa wepesi wa kuelewa. Mgeni akifungua kinywa, wameshaelewa. Akikifunga, wanapiga makofi.

Huko aliishi Mwantumu, mjane mwenye bwawa la samaki. Perege wake aliwalea kwa pumba na dua, akiwangojea wanenepe kwa sababu moja tu: harusi ya binti yake, Salhina. Wakwe walikuwa wameshaahidiwa samaki wa kukaanga, na Mwantumu alikuwa mtu wa kuogopa aibu kuliko homa.

Sasa, lambo la kijiji lilikuwa na konokono wanaoleta kichocho, na watoto walikuwa wakikojoa damu. Mgonja, bwana afya wa kata, akaitisha mkutano aeleze dawa ya kuwaua konokono hao. Watu walijaa kweli, kwa kuwa ilitangazwa kwamba patakuwa na pilau.

Bwana Mgonja akaeleza maisha ya konokono tangu yai. "Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" Makofi.

Akaeleza jinsi kidudu cha kichocho kinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu. "Tumeelewana?"

"Sana!" Makofi.

Akaeleza jinsi dawa inavyopimwa maabara, kwa maneno ambayo hata yeye aliyatamka akiwa ameyakodolea macho kwenye karatasi. "Tumeelewana?"

"Hapo ndipo hasa tumeelewa!" Makofi mpaka vumbi likatimka.

Sufuria ilipofunuliwa na harufu ya pilau ikapita katikati ya watu, Bwana Mgonja akamalizia haraka: "Na wenye mabwawa ya samaki wazibe mfereji utokao lamboni kabla dawa haijatiwa." Hapo hakuuliza kama wameelewana.

Mwalimu Nakiete, mstaafu, alisikia. Akasimama. Watu wakaguna: "Mwalimu, keti bwana, pilau linapoa!" Mwalimu akaketi.

Mwenyekiti Shekalaghe akasema wanaoikubali dawa wanyooshe mikono. Mwalimu akanyoosha. Mwantumu, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye mafuta ya kukaangia, akamwona Mwalimu, naye akanyoosha. Wa nyuma wakamwona Mwantumu, nao wakanyoosha. Dawa ikapita.

Nyumbani roho haikumtulia Mwantumu. Hivi samaki hawakutajwa pale? Akauliza kwenye kundi la kijiji la WhatsApp: "Jamani, dawa hii haina madhara kwa samaki?" Kimya. Kisha akajibu Mbelwa kinyozi, ambaye mkutanoni alifika sahani zikigawiwa: "Mama, ondoa shaka. Nimetumiwa hii: dawa ni salama, samaki wakiinywa wananenepa. Watumie na wengine." Mwantumu akafurahi, akawatumia na wengine.

Dawa ikatiwa lamboni, ikafuata mfereji mpaka bwawani. Konokono wakafa. Na perege wa Mwantumu wakaelea matumbo juu, bwawa zima, harusi ikiwa mlangoni. Mwantumu aliketi ukingoni akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Baraza likakaa. Mwenyekiti akatamka: "Mwenye kosa atatoa ng'ombe wa karamu ya harusi." Basi kila mtu akamkumbuka ng'ombe wake.

Mwantumu akamgeukia bwana afya. "Asubuhi nzima unatusimulia ukoo wa konokono, samaki wangu unawataja sufuria ikishafunuliwa! Ng'ombe ni wako."

"Mimi nilisema," akajibu Bwana Mgonja. "Tena ningeanza na samaki, mngeikataa dawa, na watoto wangeendelea kukojoa damu. Sasa wajukuu zenu watasalimika. Aliyesikia akanyamaza ndiye mwenye kosa."

Mwalimu Nakiete akainuka. "Nilisikia, na nilielewa. Lakini nilipouliza kuhusu barabara hapa hapa, mliniita mpinzani. Nilipouliza kuhusu zahanati, mkasema ninachelewesha maendeleo. Juzi nilisimama mkanizomea kwa ajili ya wali. Mnataka niwaelimishe kwa nguvu? Aliyesambaza uongo ndiye mwenye kosa."

"Uongo si wangu, na mimi nilitumiwa!" Mbelwa akaruka. "Mama huyu aliuliza mbele ya kijiji kizima. Mtaalamu yumo kwenye kundi, kimya. Mwalimu yumo, kimya. Ni mimi peke yangu niliyemjali nikamjibu. Na yeye mwenyewe alikuwepo mkutanoni, akanyoosha mkono. Kosa ni lake."

Mwantumu akainuka. Zizini alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. "Nilinyoosha kwa sababu Mwalimu alinyoosha," akasema. "Nikajua kama yeye ameelewa, basi nami nimeelewa."

Mwenyekiti akaona maneno yamekuwa mengi. "Tupige kura. Wanaosema ni Bwana Mgonja?" Mikono ikasimama kijiji kizima. "Mwalimu Nakiete?" Mikono ileile. "Mbelwa?" Mikono ileile, na wa Mbelwa mwenyewe ukiwemo, maana macho yake yalikuwa kwenye simu. "Mwantumu?" Ikasimama yote. Mwantumu akatazama juu, akauona na mkono wake uko hewani, kwa kuwa jirani yake ameinua wake. Makofi.

Kwa mbali ngoma ya wakwe ilianza kusikika, na chungu cha Mwantumu kilikuwa kitupu.

Haya, nyie mliokaa kimya tangu nianze, na mnajidai mmeelewa. Shusheni mikono kwanza. Usimtazame wa kulia, usimtazame wa kushoto. Wakwe ndio hao wanaingia uani: je, ng'ombe wa nani afungwe kamba?