Ngiri Aliyeziba Nyumba kwa Ugali

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa ya nani hiyo? Wa nyuma siwasikii. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Palikuwa na nini?

Sema wewe, ndiye uliyekuwepo.

Nilikuwepo, tena nilikaa mbele. Anayebisha asimame. Hakuna? Basi tulieni.

Hapo zamani sana, wanyama walipokuwa wakiamkiana shikamoo, na madumu ya mafuta yakiwa yameshavumbuliwa, aliishi Ngiri mmoja kando ya bwawa. Ngiri huyu alikuwa na shingo nene, mkia wa kusimama kama mwiko, na maneno mengi. Nyumba hakuwa nayo. Maisha yake yote alilala katika mashimo yaliyochimbwa na wengine. Muhanga akihama, Ngiri anahamia. Anaingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, kichwa kikibaki mlangoni kuangalia nani anamcheka.

Na waliomcheka walikuwepo. Kila masika bwawa lilijaa, na shimo nalo likajaa. Ngiri alitoka mbio, kalowa chapachapa, mkia juu. Majirani walikuwa wameshakaa kumngoja.

"Umehama tena, mpangaji?" Nyani aliuliza kutoka mtini.

"Muhanga anakusalimu," alisema Mama Kanga, watoto wake wamejaa miguuni. "Anauliza kama unafagia."

Bi Kobe, yeye nyumba yake anayo mgongoni. Alijikuna ukuta wa nyumba yake taratibu, akamwangalia Ngiri, akajikuna tena. Hilo ndilo lililomuuma Ngiri kuliko yote.

Masika moja akachoka. Akasimama mbele yao, maji yanamchuruzika, akasema, "Nitajenga. Tena sijengi chini kama nyinyi, maji yanifuate. Najenga juu ya maji yenyewe. Yakipanda, napanda nayo. Na mkinikuta tena kwenye shimo la mtu, niiteni mpangaji mpaka nife."

Nyani alicheka nusura aanguke.

Ngiri akaanza kuzunguka kijijini kukusanya vitu vilivyotupwa. Akaenda kwa Nyani.

"Jirani, dumu lako hilo linafanya nini hapo?"

"Limepumzika."

"Nipe likafanye kazi."

"Chukua. Kifuniko nitakuja nacho siku ya kula."

Msinishangae, nawaeleza. Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ukiomba dumu, unapewa dumu tupu. Kifuniko kinabaki kwa mwenyewe. Siku ukimkaribisha kwako, anakuja nacho, anakula anashiba, halafu anakifunga kwa mkono wake. Ndivyo ujirani ulivyofungwa pale. Nani alianzisha, hata Bi Kobe hakumbuki, na Bi Kobe anakumbuka mengi.

Ngiri akaenda kwa Mama Kanga.

"Jirani, madumu yako hayo yanafanya nini hapo?"

"Watoto wanayapigia ngoma, kichwa kinaniuma. Beba yote. Vifuniko nitakuja navyo siku ya kula. Mimi na wanangu."

Ngiri akawatazama wale watoto. Akayabeba madumu haraka.

Akaenda kwa Bi Kobe.

"Shikamoo bibi. Madumu yako yale..."

"Marahaba. Beba. Vifuniko nitakuja navyo. Mimi nakula polepole, lakini nakula."

Basi Ngiri akajenga. Kaka, mimi nimeona majumba, lakini ile ilikuwa nyumba. Chini akapanga madumu, akayafunga kwa kamba ya katani. Juu akatandika mbao za kreti za soda. Kuta, turubai lililochanika na viroba vya mbolea. Bawaba za mlango, ndala kuukuu. Paa, mabati yenye matundu, na kila tundu limebandikwa kipande cha tairi. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye bati lililokunjwa, yanaingia kwenye pipa. Darasani sikukaa sana, lakini pipa likijaa nalijua. Juu ya paa akajaza udongo kwenye matairi, akapanda mchicha, matembele na viazi. Katikati ya sakafu akaacha tundu la kuvulia samaki. Maji juu, mboga juu, kitoweo chini.

Vikabaki vifuniko.

Ngiri akakaa chini akawaza. Akimwita Nyani, mchicha utakwisha. Akimwita Mama Kanga na kile kikosi chake, hata mizizi haitabaki. Akimwita Bi Kobe, atakula mpaka masika mengine. Na wakishakula watasema, nyumba ile tumeijenga sisi.

"Simwiti mtu," akasema.

Akasonga ugali wa mtama, mgumu, wa kuvunja mwiko. Akaufinyanga vizibo, akavianika juani mpaka vikawa kama mawe. Akaziba kila dumu, akapiga kwa jiwe, ngo, ngo, ngo. Akaifunga nyumba kwa kamba ndefu kwenye mti wa ukingoni, akaisukuma majini. Ikaelea kama bata.

Ngiri akaingia kwake. Aliingia kinyumenyume, kwa mazoea, nusura atumbukie kwenye tundu lake la samaki. Kisha akakaa mlangoni akaimba:

*Kwangu juu, kwangu chini,*
*sina shida na jirani!*

Nyani akaja ukingoni na kifuniko chake. "Mwenye nyumba, tunakula lini?"

"Mchicha bado mchanga," Ngiri akajibu, akalegeza kamba, nyumba ikasogea mbali kidogo.

Akaja Mama Kanga. "Mwenye nyumba, tunakula lini? Watoto wamenawa."

"Kuni zimelowa," Ngiri akajibu, akalegeza kamba, nyumba ikasogea mbali zaidi.

Akaja Bi Kobe. "Mwenye nyumba, nimeanza safari ya kuja huku tangu mchicha ulipokuwa mbegu. Tunakula lini?"

Ngiri akafungua kamba yote. Nyumba ikaenda mpaka katikati ya bwawa, na wimbo wake ukaenda nayo.

Akastarehe. Maji alikunywa ya paa, mboga akachuma za paa. Samaki tu ndio hawakupatikana. Alishusha ndoana asubuhi, akashusha jioni, wapi. Aliwaona wanapita, wanene, mashavu yamejaa, wala hawaitazami ndoana yake.

"Wananiogopa," Ngiri akasema.

Siku moja kiazi kikabingirika sakafuni chenyewe, kikaenda mpaka ukutani. Ngiri akakirudisha. Kikabingirika tena. Akakirudisha. Mara ya tatu kikabingirika kiazi, ikabingirika sufuria, na Ngiri akabingirika nyuma yao.

Akatambaa mpaka kwenye tundu, akachungulia. Chini yake alikuwepo Kambare, sharubu zinacheza, anatafuna.

"Bwana Kambare, unakula nini?"

"Ugali wako. Umepungua chumvi."

"Huo si ugali, ni nyumba."

"Basi una nyumba tamu."

Kumbe kitoweo ndicho kilichokuwa kinakula ugali. Dumu moja likanywa maji, glu, glu, glu. Likafuata la pili. Upande wa mlango ukashuka. Na Ngiri, mnamjua, kuogelea anajua kwenye matope tu.

Akaangalia ukingoni. Kule kulikuwa na shimo la Muhanga, tupu, linamngoja. Akaona meno ya Nyani kabla Nyani hajacheka.

"Jamani, majirani!" akapiga kelele. "Nyumba inazama!"

Ukingoni wakasimama watatu. Nyani akaimba, kwa sauti nzuri kabisa:

*Kwake juu, kwake chini,*
*hana shida na jirani.*

"Nileteeni vifuniko!"

"Vifuniko haviletwi," Bi Kobe akasema. "Vinakaribishwa. Wewe ni mgeni hapa?"

Maji yalikuwa yameshafika kwenye magoti. Ngiri akafumba macho. Neno lile lilikuwa kubwa kuliko meno yake, lakini akalitoa.

"Karibuni chakula."

"Hatujasikia," akasema Mama Kanga.

"Karibuni chakula! Wote! Na watoto!"

Wakaenda. Mama Kanga na wanawe wakaruka, wakatua juu ya paa, mchicha ukaisha papo hapo. Bi Kobe, ambaye na maji anayaweza, akaogelea na Nyani mgongoni, Nyani mkia kaunyanyua usilowe. Kila aliyepanda, nyumba ikashuka zaidi. Ngiri akawa anapika huku kuni kazibeba kichwani na jiko kaliweka juu ya pipa.

Nyani akala viazi, akashiba, akapiga mbizi, akafunga kifuniko chake. Mama Kanga akashiba, akamkabidhi Nyani vifuniko vyake, maana yeye maji hayawezi, ila aligusa kila kimoja kwa mdomo. Akabaki Bi Kobe. Maji kwenye kifua cha Ngiri, Bi Kobe anatafuna tembele.

"Bibi, chakula kitapoa," Ngiri akamwambia.

"Nina meno mimi?"

"Huna, bibi."

"Basi ngoja."

Ngiri akangoja. Maji yakafika shingoni. Bi Kobe akameza, akajifuta, akasema, "Asante mwenye nyumba, nimeshiba," akazama. Tukasikia vifuniko vikilia, kri, kri, kri. Nyumba ikatulia, na wageni walipoteremka ikapanda tena juu ya maji.

Lakini madumu ya upande wa mlango yalikuwa yameshanywa maji, na nyumba ikabaki imeinama. Ngiri akilala peke yake, anaporomoka usiku kucha mpaka ukutani. Haikai sawasawa mpaka majirani waje wakae upande wa pili: Nyani, Mama Kanga na wanawe, na Bi Kobe mwishoni kabisa, maana ndiye mzito. Kwa hiyo kila jioni Ngiri husimama mlangoni akaita, "Karibuni chakula," kwa sauti ambayo hata viziwi wanaisikia. Mpangaji hawamwiti tena. Wanamwita mwenye nyumba, midomo imejaa viazi vyake.

Na kuingia bado anaingia kinyumenyume.

Fundisho lake ni hili: ukijenga nyumba kwa vitu vya watu, halafu wenyewe ukawafungia mlango, nyumba hiyo haitakaa sawa hata ukiiziba kwa ugali wa dunia nzima.

Hadithi yangu nimeifunga kwa kifuniko chake. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa imechacha, mtupieni Kambare.