Kitanda Kilichopwaya

Kisa hiki nilisimuliwa na mke wa Fundi mwenyewe, mwaka jana mvua zilipoanza, tulipokaa benchi moja hospitalini. Mimi nilisubiri kupimwa macho, yeye alimsubiri mumewe, aliyeingia kwa daktari wake kwa kipimo cha mwisho. Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto. Wengi huitumia methali hii kwa ugomvi: ukitukanwa, nawe tukana. Mimi naiona ina maana njema kuliko hiyo. Yako matatizo yasiyotibika kwa kuyakimbia, bali kwa kitu kinachofanana nayo, kikipimwa na mkono unaojua.

Fundi alikuwa mshona suti. Mkasi wake ulipita kwenye kitambaa kama samaki majini. Usingizi ulimtoka msimu wa sare za shule, alipokesha siku tisa mfululizo ili amalize kazi. Kazi ikaisha, kukesha kukabaki. Kila usiku alilala chali, macho yamemtoka kama vifungo vya koti, na alfajiri akaamka kachoka kuliko alivyolala.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Shemeji yake, dada wa mkewe, mwanamke asiyekaukiwa na ushauri, alimwambia, "Usingizi ni kuku, shemeji. Ukimtaka, ingia bandani mapema umngoje."

Basi Fundi akawa anaingia kitandani saa mbili usiku, watoto wa jirani bado wanacheza nje. Na mchana aliegemeza kichwa kwenye meza ya kukatia, eti anafidia. Kadiri alivyoutafuta usingizi, ndivyo ulivyompiga chenga.

Siku moja akaja bwana harusi kujaribu koti lake. Akaingiza mkono wa kushoto, ukakaa barabara. Akaingiza wa kulia, mkono ukaelekea nyuma. Fundi alikuwa amesahau kugeuza kipande cha pili; mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Bwana harusi akajitazama kwenye kioo. "Fundi, hapa naenda harusini au ndiyo narudi?"

Wateja wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufanya kosa lile. Bwana harusi akaoa kwa koti la kuazima.

Jioni hiyo mkewe aliuviringisha mkasi kwenye kitambaa, akaufungia sandukuni, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Mke wangu, huo ndio mkono wangu!"

"Najua. Leo umeharibu koti, kesho utakata vidole. Tutakula nini? Ukianza kulala nitakurudishia. Na asubuhi twende hospitali."

"Hospitali kwa kukosa usingizi? Watanicheka."

"Bwana harusi amekucheka, mbona hukufa?"

Hospitalini wakaelekezwa chumba kidogo mwisho wa ukumbi, kwa daktari wa mambo ya usingizi, binti wa umri wa kitinda mimba wao. Fundi alitarajia vidonge. Binti akaweka kalamu chini, akauliza. Anakoroma mpaka pumzi ikakatika? Kahawa anakunywa saa ngapi? Ana huzuni anayoificha? Akamuuliza na mke, akaagiza damu ipimwe. Mwishowe akampa daftari: kwa wiki mbili aandike saa ya kulala na ya kuamka. Fundi aliandika kwa uangalifu uleule anaoandikia vipimo vya wateja.

Waliporudi, daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Baba, mteja mwenye kiuno cha inchi thelathini ukimshonea suruali ya sitini, itakuwaje?"

"Itapwaya. Itamdondoka mbele za watu."

"Basi daftari linaonyesha usingizi wako ni wa saa tano, na kitanda umekikata cha saa kumi. Kinapwaya, na mawazo yanajaza nafasi iliyobaki. Tukibane. Ingia kitandani saa sita usiku, toka saa kumi na moja alfajiri, umelala hukulala. Mchana usisinzie. Usingizi ukikijaza, tutaachia pindo."

Fundi akaduwaa. "Daktari, nimekuja kuomba usingizi, unaninyang'anya na kitanda?"

"Kwa muda tu. Wiki za kwanza utachoka sana, kwa hiyo mkasi bado usiuguse, na barabara uvuke na mtu. Kila wiki njoo nikupime."

Fundi alimtazama kwa macho mapya. Wengine wote walimpa nguo iliyoshonwa tayari. Binti huyu ndiye wa kwanza kumchukua vipimo.

Shemeji aliposikia alishika kiuno. "Asiye na usingizi anaambiwa asilale! Kesho mwenye njaa ataambiwa afunge!"

Wiki ya kwanza ilikuwa moto kweli. Fundi alikaa kwenye kigoda akishona vifungo hadi saa sita, kichwa kikiitikia kama mjusi. Mkewe alikaa naye, akimsimulia hadithi za ujana wao ili asisinzie kabla ya saa. Mara mbili alitaka kuacha. Mara mbili mkewe alishika ule ufunguo shingoni.

Wiki ya tatu aliangukia mto, asijijue mpaka alipoamshwa. Daktari akaachia pindo la robo saa. Wiki iliyofuata, robo nyingine. Hivyo hivyo, hadi saa saba zilizojaa sawasawa.

Mkasi ukatoka sandukuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa koti la yule bwana harusi, bure. Kijana akaingiza kushoto, akaingiza kulia, akajigeuza mbele ya kioo.

"Haya, Fundi. Sasa naenda!"

Usiku huo shemeji alikuwa amekuja kuwatembelea, naye aliingia kitandani mapema chumba cha pili, kwa kufuata ushauri wake mwenyewe. Saa nne Fundi akaingia kitandani, na kabla mkewe hajazima taa, akawa ameshazama. Mkewe akaizima, akabaki akitega sikio, kama alivyozoea miezi yote ile, akingoja ajigeuze. Hakujigeuza. Pumzi zake zilikwenda moja kwa moja, kama cherehani kwenye mshono ulionyooka.

Mke akatabasamu gizani. "Kumbe kweli," akanong'ona, "dawa ya moto ni..."

Neno la mwisho likabaki mdomoni. Naye usingizi ulikuwa umemchukua.