Duara la Kitundu

Wa pembeni naye yumo uwanjani. Jana mlimsikia mama yenu mkubwa akimwambia hivyo Nakiete, aliyekaa siku nzima ya arusi nyuma ya nyumba akifukuza mbuzi wasiufikie mchele, kisha akanuna kwamba arusi imempita. Mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kwenye mpira, na yalianza hivi.

Zamani, mpira wa miguu ulipokuwa bado mgeni katika milima ya Upare, palikuwa na chuo kidogo cha ualimu mahali paitwapo Mbwele. Wanafunzi wake walikuwa kumi na mmoja tu, kwa hiyo hakuna aliyechaguliwa timu wala aliyeachwa. Mwalimu wao, Eliamani, hakuwahi kuucheza mchezo wenyewe. Rafiki yake alimchorea nukta kumi na moja kwenye karatasi, kila nukta mchezaji mmoja, naye akaona ameelewa. Akachukua debe la chokaa, akachora maduara kumi na moja uwanjani, akamsimamisha kila kijana ndani ya lake. Mpira ulipoanza kudunda, wote isipokuwa golikipa waliyasahau maduara kabla chokaa haijakauka. Mwingine ambaye hakulisahau lake ni Zefania Kitundu.

Kitundu alitoka mbali, Iramba, akafika chuoni wiki tatu baada ya wenzake. Duara lililobaki lilikuwa moja, kule kushoto karibu na mstari.

"Hapo ndipo pako," Mwalimu alimwambia. "Usipahame."

Mgeni hana neno. Kitundu hakupahama.

Mezani wenzake walianza kuzungumza kwa Kiswahili kwa ajili yake, lakini ugali ulipokolea mdomoni walihamia Kipare bila kujua. Kicheko kilipopasuka yeye alicheka nyuma yao, hajui anacheka nini. Jumapili walitawanyika kwenda kwa mama zao, milima miwili mitatu kutoka pale, naye akabaki na mpishi, ambaye alikuwa kiziwi. Hakuna aliyemtendea ubaya, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu. Akajiwekea tumaini moja dogo. Siku mwenzake mmoja atakapompa mpira yeye, na si mwingine, hata mara moja, siku hiyo atajua kwamba ni mmoja wao.

Mwaka ule vyuo vitano vilishindania birika la shaba. Mbwele hawakupewa hata nafasi ya kufungwa kwa heshima, lakini maajabu hayaishi, walishinda mbili wakatoka sare moja. Ugenini, pasipokuwa na chokaa, Kitundu alijichorea duara kwa kisigino akasimama ndani yake. Katika mechi zote tatu mpira haukumfikia. Kila mara beki mmoja wa timu nyingine alisimama hatua mbili kutoka kwake, na wote wawili wakatazama mchezo ule wa mbali kama majirani wanaochungulia arusi wasiyoalikwa.

Mechi ya mwisho ilichezwa Mbwele, dhidi ya chuo kikubwa cha tambarare. Wakishinda, birika ni lao. Kipindi cha pili kilipoanza tu, nahodha wao, Senzota, alifunga goli. Wenzake wakamrukia, wakawa fungu moja la mikono na migongo katikati ya uwanja. Hata golikipa alikimbia kutoka golini kwake akaenda. Kitundu aliinua mguu mmoja, akaurudisha. Akangoja mtu ageuke upande wake. Hakuna aliyegeuka. Moyo wake ukavunjika pale pale, uwanjani, mchana kweupe.

Akatoka ndani ya duara. Akavuka mstari, akaenda bwenini, akaanza kufunga sanduku lake la bati arudi kwao. Alisikia kelele moja kubwa kutoka uwanjani, baadaye nyingine, kisha filimbi ya mwisho. Hakutaka kujua zilikuwa kelele za nani.

Alipofika kwenye mfereji ulio chini ya chuo, sanduku kichwani, alimkuta kijana anaosha miguu. Ni yule beki wa tambarare aliyesimama naye mchana kutwa, Mrutu kwa jina.

"Wewe," Mrutu akasema, "ulikwenda wapi?"

Tangu Kitundu afike Mbwele, swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Nilichoka kusimama," akajibu. "Sina kazi pale."

"Huna kazi? Ndugu yangu, mwalimu wetu ametuhubiria wiki nzima. Yule wa kushoto habanduki mahali pake, lazima ana jambo, asiachwe hata kidogo. Nimekuganda kama kupe, na mimi mpira naupenda kuliko kula."

"Kisha?"

"Kisha nageuka, hupo. Nikajiuliza, sasa namlinda nani? Nikapanda mbele. Magoli yote mawili nimefunga mimi." Akaufuta mguu wake kwa majani, polepole. "Ungebaki pale, birika lingekuwa lenu."

Kitundu alilitua sanduku, akalikalia. Msimu mzima alikuwa mmoja wao na hakujua, na siku aliyoambiwa ndiyo siku aliyowaangusha. Alilia pale mferejini, na Mrutu, aliyekuwa mtu mwema, akajifanya bado ana matope miguuni.

Jioni Kitundu alisimama mezani akawaeleza wenzake yote.

"Tulipofungwa la pili," Senzota akasema, "nilitazama kushoto. Sikukuona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama kule." Akainamisha kichwa. "Kosa si lako peke yako, Kitundu. Kaa ule."

Mwaka uliofuata, kabla ya filimbi ya kuanza, Senzota aliugeukia ule mstari wa kushoto akaita kwa sauti, "Wa pembeni?"

Kitundu, ndani ya duara lake, akajibu, "Naye yumo uwanjani."

Wakafanya hivyo kila mechi. Watazamaji walicheka, kisha wakazoea, kisha akina mama wakayabeba maneno hayo hadi mashambani na kwenye arusi. Birika hawakulipata hata mwaka huo. Kitundu aliugusa mpira mara mbili, moja kwa kisogo na bila kukusudia. Mezani Kipare kiliendelea kumpita, na Jumapili zake zilibaki ndefu. Lakini kila mechi aliitwa, naye akaitika.

Haya, inukeni mmfuate Nakiete huko aliko na uso wake wa jana. Ule mchele mlioula mkalegea, nani aliulinda? Mwiteni kama Senzota alivyoita, kisha mngoje aitike mwenyewe. Wa pembeni naye yumo uwanjani.