Ukikata Kushoto, Sikiliza Kulia

"Ukikata kushoto, sikiliza kulia." Ndivyo alivyosema mjomba wenu leo kikaoni, mara tu tulipokubaliana kwamba mwenzenu Nietiwe aache chuo kwa mwaka mmoja amwuguze shangazi yake. Mkaona watu wazima wote wanamgeukia Nietiwe. Sasa, wajukuu zangu, mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Mnadhani ni ya wahenga wa zamani sana, kumbe hayana hata miaka arobaini, na mimi nilikuwemo ndani ya gari yalimozaliwa. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Eliakunda alifariki hospitalini Moshi. Tulikwenda kumchukua kwa Landkruza ya kiwanda cha mbao alikokuwa akifanya kazi, gari la mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Jeneza likawekwa katikati. Mbele alikaa dereva, Kiondo, mtu wa Korogwe, na kando yake kaka yetu mkubwa, Sefania. Nyuma, kwenye benchi la kushoto, tulikaa mimi na binamu yetu Mbazi. Benchi la kulia alikaa mjane, wifi yangu Nakijwa, peke yake na mashada ya maua.

Sefania alikuwa ameshapanga kila kitu. Kaburi lilichimbwa milimani, kando ya kaburi la baba yetu. Baada ya matanga Nakijwa angefunga nyumba yake ya Same na kuhamia huko milimani, ili awe karibu na mumewe. Yeye hakuulizwa. Tuliona mfiwa hafai kusumbuliwa na mipango.

Hatujafika mbali na Moshi, gari likaanza kunguruma. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Kiondo alipoongeza mwendo ilipanda, alipopunguza ilishuka. Akatoa gia, gari likaserereka lenyewe, na ngurumo ikabaki vilevile.

"Basi si injini wala si giaboksi," alimwambia Sefania. "Nadhani ni tairi. Haya ya nyuma yameliwa vibaya."

Tulipofika Same tukaacha lami na kuingia barabara ya vumbi ya kupanda milimani. Kiondo alisema kama tairi ndiyo inayolia, itabadili sauti tukibadili barabara. Tukasikiliza. Haikubadilika hata kidogo. Nikamwona kwenye kioo anakunja uso.

Kisha zikaja kona, na hapo akili zetu zikavurugika kabisa. Kila tulipokata kulia gari lilitulia, karibu likae kimya. Kila tulipokata kushoto lilinguruma mpaka kifuniko cha jeneza kikatetemeka. Mlima ulikuwa upande wetu wa kushoto, ukuta wa mawe mtupu, na sauti ilikuja moja kwa moja dirishani kwangu. Ningeweza kuapa kanisani kwamba ilitoka chini ya kiti changu.

"Ni gurudumu la huku," nilimwambia Kiondo. "La kushoto."

Akasimamisha gari. Akapiga jeki upande wa kushoto, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Lilikuwa imara kama nguzo. Akalizungusha, likazunguka kimya. Hata hivyo akalifungua, akaweka tairi ya akiba, akakaza nati, tukaondoka. Kona ya kwanza ya kushoto, ngurumo ikarudi na nguvu kuliko mwanzo.

Binamu Mbazi alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoyasema yaliingia. Aliiweka kofia yake gotini, akasema, "Nyumbani kwa baba yenu kuko upande gani?"

"Kushoto," akajibu Sefania bila kugeuka.

"Na Eliakunda na baba yenu waliachana wakiwa hawasemeshani. Miaka sita. Tukielekea huko analia, tukigeuka ananyamaza. Mimi sisemi kitu. Nasema tu ninachosikia."

Wajukuu zangu, mnacheka sasa kwa sababu mmekaa hapa sebuleni. Laiti mngekuwa pale. Nilimjua kaka yangu kwa ukaidi wake. Nililitazama lile jeneza, nikasogeza miguu mbali nalo. Sefania, ambaye sikuwahi kumwona akibadili neno lake, aliuliza kwa sauti ndogo, "Kiondo, tukitaka kugeuza gari, tunaweza?"

"Hapa ni pembamba, mzee. Na mimi sijaelewa gari lina nini. Nikigeuza ama nikiendelea, ni sawa na mtu anayetembea amefumba macho."

Tukasimama tena. Mbazi akashauri turudi Same tukazike huko. Mimi nikasema kaburi limeshachimbwa na watu wamekusanyika. Sefania alisema ndiyo, mara akasema hapana. Kiondo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu lile la kushoto, analitazama kana kwamba limemkosea adabu. Hakuna aliyejua afanye nini, na jua lilikuwa linatuchoma sote pamoja na maiti.

Hapo Nakijwa akasema. Hakuwa amefungua mdomo tangu Moshi, kiasi kwamba nilishtuka kusikia sauti yake.

"Kiondo, mwanangu, njoo uweke mkono hapa."

Alikuwa amevua viatu. Kiondo akapanda, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye bati la sakafu chini ya miguu yake.

"Mama, hapa pana moto."

"Panatetemeka tangu tulipotoka Moshi. Tukikata kushoto miguu inakufa ganzi mpaka magotini. Tukikata kulia napumzika."

"Mbona hukusema?" akauliza Sefania.

"Mlikuwa mnasikiliza kushoto, shemeji."

Kiondo alibaki amepiga magoti kwa muda, mkono wake ukikata kona hewani, kushoto, kulia, kushoto. Kisha akajipiga paji la uso. "Gari likikata kushoto, uzito wote unaangukia magurudumu ya kulia," alisema. "Ndilo linaloumia hilo. Sauti ilikuwa inagonga ule ukuta wa mawe na kuturudia kwa upande wenu. Ndiyo maana nikafungua gurudumu zima nikaacha gonjwa."

Akapiga jeki upande wa kulia. Alipolitikisa gurudumu, lilicheza kama jino bovu. Alipolizungusha, lilisaga kama lililojazwa mchanga. Akatemea mate katikati yake, yakachemka. Beringi ilikuwa imekwisha kabisa. Akatuonyesha kwa kidole barabara iliyokuwa mbele: kona tatu, zote za kushoto, na upande wa kulia bonde ambalo hatukuweza kuona chini yake. "Gurudumu lingechomoka pale," alisema.

Tukakaa pembeni. Mbazi akatumwa kwenda mbele kwa miguu kuwaita wanaume waje kubeba jeneza. Sefania alizunguka gari mara mbili, kisha akaja akasimama mbele ya Nakijwa. Akavua kofia.

"Shemeji, kuna jambo lingine hatukukuuliza. Kuhusu kaburi."

Mimi nilidhani atakataa. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Kaburi ni sawa," alisema Nakijwa. "Alipatana na baba yenu kabla mzee hajafa, wakiwa wawili tu. Aliniambia mimi. Alitaka alale pale. Mngeniuliza, ningewaambia siku ya kwanza."

Sefania akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Lakini wifi yangu alikuwa hajamaliza.

"Mimi ndiye siwezi kuhama. Nyumba ya Same ndimo nilimozalia. Watoto wanasoma pale, na mimi nina cherehani yangu na wateja wangu. Mmemtafutia yeye mahali pa kupumzika, na mzigo wote mmeniangushia mimi. Nitakuja kupalilia kaburi lake kila Pasaka na kila Krismasi. Lakini nitaishi kwangu."

Nilimwangalia kaka yangu. Alikuwa mtu mgumu, mmemsikia. Alitazama lile gurudumu lililoning'inia juu ya jeki, akamtazama tena mwanamke aliyekaa na miguu mitupu iliyovimba.

"Utaishi kwako," akasema.

Jioni ile tulimzika Eliakunda kando ya baba yake, amebebwa mabegani kona zote tatu. Nakijwa aliishi Same mpaka mwisho wake, na Pasaka hata moja hakukosa. Naye Sefania, tangu siku hiyo, kila kikao cha ukoo kilipofikia uamuzi, aliinua mkono kabla hatujapiga makofi. Aliuliza ni nani aliyekaa upande unaobeba uzito, na je, amesema? Watu wakayachukua maneno yake na kuyafupisha yakawa methali, Kiondo naye akaipeleka Korogwe, na leo mjomba wenu ameisema mbele ya Nietiwe.

Ukikata kushoto, sikiliza kulia.