Kasuku na Hodi ya Nne

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mliokula ugali mkavu? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, bibi yenu hajaota hata jino, Kasuku alikaa njia panda akigawa habari za Mamba. Mamba alihamahama, leo mto wa juu, kesho mto wa chini. Aliyemwona ni Korongo tu, mwenye shingo ndefu, kule mbali kilimani. Mnyama akiuliza, Kasuku huruka, pruuu! Hupiga hodi, huambiwa, hurudi, hutamka vilevile: "Nafungua. Mamba yuko juu. Nafunga." Bila kusikia "nafunga", yaani habari imekamilika, hanywi mtu.

Na Korongo kila asubuhi humwambia pia jirani yake Kobe, habari isije ikapotea.

Siku moja, jua kali, akaja Bi Paa na mwanawe, ndimi nje.

"Mjomba Kasuku, leo tunywe wapi?"

Pruuu! Kilimani. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Ndani, koroooo! Korongo kashiba kumbikumbi, anakoroma na kujamba kwa zamu.

"Hodi!" ya nne. Hodi! Hodi! Hodi!

Kobe akachungulia. "Mjukuu wangu, hodi ni tatu. Usipojibiwa, unaondoka. Njoo kwangu, habari ninayo."

"Kwako? Wewe unayetembea na nyumba mgongoni kama mpangaji aliyefukuzwa? Thubutu! Hodiii!"

Huku bondeni mtoto wa Paa akachoka kungoja. Akashika njia ya mto wa chini, tuku, tuku, tuku. Kasuku akamwona toka juu. Maringo yakamwisha yote.

"Babu Kobe, hodi!"

"Karibu. Nafungua. Mamba yuko chini. Nafunga."

Pruuu! Aliruka mpaka manyoya yakamtoka.

"Nafungua! Mamba yuko chini! Nafunga!"

Mtoto akaruka nyuma, hop! Taya zikauma hewa, kwacha!

"Na Mamba naye kafunga," akasema Bi Paa aliyefika mbio, akicheka na kulia pamoja.

Jioni Korongo akaamka, akanuna. "Mbona hukuniamsha?"

"Nilipiga hodi, Bi Korongo. Ukajibu kwa upande usio na mdomo."

Basi, ninyi mnaotegemewa na wenzenu: jueni mlango wa pili, na msione haya kuubisha. Mwenye kiu hanywi maringo yenu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nafunga.